Kuku Kishingo Dhidi ya Madam Zuwena

Jumatatu, 8 Septemba

Leo ni leo! Mkuu wa shule, Madam Elinipa, ametangaza kwamba nafasi ya mlezi wa klabu ya sayansi itagombewa. Anayeitaka afanye onyesho Jumamosi, wanafunzi wapige kura. Anayeishika miaka yote ni Madam Zuwena wa biolojia. Alitabasamu tu. Nikajua ananiogopa.

Miaka kumi na minne nimekuwa mtunza maabara hapa Kibaha. Naosha mirija, nafuta meza, nafukuza mijusi. Wanafunzi wananiita Anko Ambokile. Mlezi wa klabu, hata kama si mwalimu, huitwa Mwalimu. Nataka kuitwa Mwalimu kabla sijastaafu. Basi, nimesema.

Mkakati: kuiangusha nadharia ya mageuko ya viumbe. Kwa dakika arobaini. Nitathibitisha kwamba kila kiumbe kilisanifiwa kikiwa tayari na hakijabadilika hata unyoya. Mke wangu Eugenia kauliza kama nimeisoma hiyo nadharia. Nimemjibu kwamba anayebomoa nyumba hahitaji ramani yake.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeaga kwamba naumwa jino, nikaenda Marui, kule Kisarawe, kwa Mzee Matano anayetuuzia mayai ya kienyeji. Shabaha: kuku kishingo! Shingo tupu, haina manyoya, apate upepo kwenye joto letu la Pwani. Nani alimfungua kola? Ushahidi wenye miguu miwili!

Nikamwamkia mzee, akaitikia marahaba, akasema kishingo yupo ila anaatamia. Mayai tisa, yake mwenyewe, kila moja lina mstari wa mkaa wa siku alipoanza kuyalalia. Jumamosi zinatimia siku ishirini na moja. Bahati iliyoje! Vifaranga wataanguliwa siku ya kura! Mzee akaonya kwamba kuku anayeatamia akiiona njia husahau mayai, kwa hiyo tukamweka kwenye tenga na mayai yake, tukalifunika kwa kanga ya mkewe. Bodaboda ilirukaruka Kisarawe nzima. Mayai hayakupasuka. Mimi nimedonolewa mara sita.

Jumatano, 10 Septemba

Madam Zuwena kaja maabara kupeleleza. Akachuchumaa, akafunua kanga taratibu. Kuku hakumdonoa! Akaitazama ile shingo dakika nzima. Akasema chini yake kuna kishungi cha manyoya, maana yake kuku huyu amebeba pia urithi wa shingo ya kawaida kutoka kwa mzazi mmoja. Akauliza jogoo yukoje. Nikasema ni wa Mzee Matano. Akauliza shingo yake. Sikuitazama! Nikapiga simu Marui. Jogoo ana manyoya shingo nzima.

Halafu akanieleza jambo, na lazima nikiri, huyu mama ana kichwa. Kuku hawafanani hata wa tumbo moja, alisema. Anayestahimili joto hutaga zaidi, Mzee Matano humbakiza, na mwingine huenda mchuzini. Miaka ikipita, banda linabadilika. Nikamwambia hiyo ni nadharia tu. Akasema sawa, lakini nadharia haiondoki kwa kuzomewa. Kwao Soga watu walililalamikia basi miaka mingi na bado walilipanda. Wengi waliliacha siku treni ya umeme ilipoanza kusimama kwao. Mimi nami nilete treni: nadharia inayoeleza yote ambayo ile ya zamani inaeleza, iongeze jipya, na itaje mapema jambo linaloweza kuiumbua.

Akatoa daftari. Kila mtu aandike utabiri wake, atie saini. Mimi: vifaranga wote watakuwa vishingo, Fundi aliyewasanifu hawezi kusahau kola. Yeye: karibu nusu. Akaongeza kwamba wakitoka vishingo wote, yeye anaachia nafasi bila kura. Huo ndio ujasiri! Nikamchokoza kuhusu Mungu, maana hakosi swala hata moja. Akasema Mungu yumo moyoni mwake siku zote, ila hamtumi kumsahihishia daftari la vipimo. Nimeirudia sentensi hiyo nikiosha mirija mpaka nikavunja mmoja.

Ijumaa, 12 Septemba

Vifaranga wamewahi! Wa kwanza: kishingo! Nimepiga makofi. Wa pili: kishingo! Nimeimba. Wa tatu: manyoya shingo nzima. Nimemkodolea macho. Labda ni unyevu wa yai. Wa nne: manyoya.

Hadi saa kumi wako wanane, yai moja viza. Wanne hivi, wanne vile. Nusu kamili! Huyu mama alijuaje?

Nina mkasi wa kupasulia vyura.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimewahi kabla ya watu, nimewanyoa wale wanne. Kinyozi wa vifaranga hana raha. Mama yao amenidonoa sikio.

Saa nne chumba kimejaa. Nikafunua tenga. Vishingo wanane! Shangwe! Madam Zuwena akasoma daftari kwa sauti, utabiri wangu na wake. Hakutafuta kisingizio. Akasema kama ndivyo, amekosea, na wiki hii atajifunza kwa nini. Akanikabidhi ufunguo wa klabu. Mkononi!

Hapo macho yake yakatua kwenye koti langu jeupe la maabara. Kifua kizima manyoya laini ya njano. Akamshika kifaranga mmoja, akampapasa shingo, akawapa wanafunzi nao wapapase. Visiki vya manyoya.

Nikarudisha ufunguo mwenyewe. Nikasema ukweli: wanne kwa wanne. Nikangoja kuzomewa.

Madam Zuwena akawaambia kwamba wengi wamewahi kumpinga shuleni hapa, wote kwa mdomo. Mwalimu Ambokile ndiye wa kwanza kuandika jambo linaloweza kumshinda, akatia saini. Mkasi ni kosa kubwa, alisema, lakini lile daftari ni sayansi.

Mwalimu Ambokile! Mbele ya watu sitini! Nimetoka nje kujifanya natafuta chenga za kuku. Nimelia kidogo. Kura amepata yeye zote, pamoja na yangu.

Jumapili, 14 Septemba

Nimetafakari kanisani, mahubiri yalikuwa marefu. Kosa langu nimeliona. Ni kule kuandika jambo linaloweza kunishinda!

Nadharia mpya: Fundi alikusudia wanne kwa wanne. Wangetoka vishingo wanane, angekuwa alikusudia wanane. Yangekuwa viza yote tisa, alikusudia viza. Litokee lolote, nimeshinda! Eugenia kauliza sasa hiyo inatabiri nini. Nimemwambia kila kitu.

Kesho asubuhi namwekea Madam Zuwena mezani, na saini. Lazima ataniita Mwalimu tena.