Neno Moja Kwenye Chujio la Zuena

Jumatatu, 9 Septemba

Ushirika wetu hapa Kibiti una seva ya barua pepe. Fundi wake mimi, Zaidi. Leo nimegundua jambo: chujio la barua taka lina mipangilio ya kila mtu peke yake! Naweza kumzibia mmoja, wengine wasijue.

Mmoja huyo ni Zuena wa mauzo. Si kwa ubaya. Ni Muhidini, mkusanyaji kaa wa Mbuchi, huko delta, anamwandikia kila kukicha. Ati kaa wa leo wanakusalimu, dada Zuena. Zuena kaisoma barua kwa sauti, ofisi nzima ikacheka. Mimi sikucheka. Nimeingia kwenye mipangilio yake: barua yoyote yenye neno "kaa", kwenye taka moja kwa moja.

Jumanne, 10 Septemba

Kimya kitamu. Zuena kauliza mbona Muhidini haandiki. Nikasema watu wa delta wasahaulifu. Kanigawia chapati. Mbili!

Jumatano, 11 Septemba

Balaa. Mnunuzi wa Dar kapiga simu, anafoka. Oda yake ya kaa kaituma tangu juzi, hajajibiwa. Zuena kaapa hajaiona. Bi Sihaba, mwenyekiti wetu, kasema oda hii ikipotea, wakusanyaji wa Mbuchi watatukimbia. Kamtaka Zuena aandike barua ya kujieleza. Zuena kalia.

Tunauza kaa! Nilitegemea wateja waandike nini?

Nimefungua taka. Oda ipo. Na barua tisa za Muhidini. Ya mwisho: nimekukosea nini, dada, hata kaa wako huwataki?

Alhamisi, 12 Septemba

Nimekiri. Bi Sihaba kasema, mwanangu, akili unazo, ila umezikalia. Barua ya kujieleza sasa naandika mimi.

Zuena hakufoka. Kaniuliza tu, "Kaka Zaidi, si ungeniambia?" Kaka! Ingekuwa nafuu anipige.

Mnunuzi kakubali kungoja. Muhidini kaleta kaa mwenyewe, matope mpaka magotini. Zuena kamchotea maji ya kunawa. Kisha Muhidini kanipa mkono, na kaa watatu wa kitoweo. Mtu mwema. Inaudhi.

Ijumaa, 13 Septemba

Baada ya sala Muhidini kanifuata. Kaomba nimfungulie anwani kwenye seva yetu, barua zake na za Zuena zisipotee tena. Kaniamini! Nimemfungulia kwa moyo mweupe.

Mipangilio ya Zuena sitaigusa tena maishani. Nimeapa.

Ya Muhidini ni mipya, haina hata neno moja. Nimeanza na "Zuena".