Nani Ananiibia Darasa la Kwanza?

Jumatatu, 13 Januari

Shule imefunguliwa. Darasa la kwanza nusu tupu! Kata yetu nzima ya Lipangalala watoto wamejaa kama mpunga, wameenda wapi? Mwalimu Paulina, wa darasa hilo, anasema wengi bado wako mashambani na wazazi, watakuja. Kisingizio! Mimi Kelestini, mwalimu mkuu, sidanganyiki. Mwalimu mkuu mwenzangu wa shule ya jirani, Restituta, ndiye anayewavuta. Nimemtuma Paulina akakae kijiwe cha bodaboda mbele ya geti la shule yake, achunguze. Watoto waliopo wataimba wenyewe.

Jumanne, 14 Januari

Leo wamepungua tena! Paulina ameleta habari: kwa Restituta kuna uji wa maziwa. Nilijua! Maziwa hutoka kwa mzee Masalu, mfugaji, ambaye watoto wake wote wanasoma kule. Nimemrudisha Paulina kijiweni. Aangalie na sukari.

Alhamisi, 16 Januari

Nimekwenda kupeleleza mwenyewe. Kofia, miwani nyeusi, baiskeli ya kuazima. Kufika tu, watoto wakaniamkia kwa pamoja, "Shikamoo Mwalimu Mkuu wa kule!" Restituta akanikaribisha uji. Nimekunywa kwa ajili ya uchunguzi. Nikaongezewa. Mtamu, kwa bahati mbaya.

Ijumaa, 17 Januari

Nimemfuata Masalu zizini. Nikamweleza kwamba shuleni kwangu ufaulu ni mkubwa, ukiwatoa waliofeli. Alinisikiliza kwa adabu, ndama akitafuna shati langu. Kisha akauliza taratibu, "Sasa Mwalimu, mbona Jenifer wako anakaa dawati moja na binti yangu kule?"

Jenifer! Kitinda mimba wangu! Nilidhani yuko darasani kwangu.

Mke wangu Verediana hakukana. Alimpeleka kwangu Jumanne, akakuta watoto hawana mwalimu, mmoja amepanda dirishani. Wazazi wenzake walikuwa wanaondoka na watoto wao. Naye akaondoka. "Kule mwalimu yumo darasani, baba Jenifer," akasema.

Jenifer akachukua chaki, akaniandikia herufi J sakafuni. Imesimama vizuri kabisa. Akanitazama, akingoja nimsifu. Nikatoka nje nikajifanya natafuta kuku.

Jumamosi, 18 Januari

Nimetafakari. Sasa naona kila kitu. Verediana ni jasusi wao!

Jumatatu Paulina ataendelea na kijiwe. Mwalimu wa darasa la pili nitamweka nyumbani kwangu, amchunguze Verediana.