Nyumba na Ivuje Upepo

Jumatatu, 2 Novemba

Mvua. Matofali tangu asubuhi. Mgongo umegoma.

Nimerudi nikamkuta Bi Nuala, mwenye nyumba wangu, akimenya viazi jikoni huku amevaa koti la nje. Akasema hatapitisha majira mengine ya baridi humu. Anahamia kwa dada yake mji wa Sligo, nyumba anaifunga, nami nitafute pa kulala. Nikakaa chini bila kukaribishwa.

Halafu akasema, kama mtu anayezungumzia mboga, kwamba serikali siku hizi inawasaidia watu kubadilisha madirisha na milango ili waache kuipasha joto Roscommon nzima, mkoa wetu huu. Ameshapiga simu. Mkaguzi anakuja Ijumaa. Akiipitisha nyumba, madirisha mapya yanawekwa, yeye habanduki, na vyumba viwili vya juu ni vyangu mimi, mke wangu Aglaia na mtoto.

Aglaia yuko kwetu Soroca bado. Mwanetu Ilie ana kifua. Aglaia ameapa hamleti mtoto kwenye nyumba yenye mkondo. Watu wa hapa hawalijui neno hili. Kwetu mkondo wa umeme na mkondo wa upepo unaopenya ni neno moja, na tunaviogopa sawasawa. Umeme angalau una swichi.

Basi anamtuma mama yake, Mama Paraschiva, aje wiki ijayo aikague nyumba. Akiridhika, wanakuja kabla ya Krismasi. Asiporidhika, Aglaia anakwenda Padova kwa kaka yake, na mimi nimebaki na matofali.

Wakaguzi wawili, basi. Wa serikali kwanza.

Nimewaza sana. Msaada hupewa mwenye shida. Anayelia ndiye hunyonyeshwa. Nyumba ya Bi Nuala hailii vya kutosha. Marehemu mumewe, Malachy, alikuwa mtu wa bidii: alitandaza sufi nzito darini ili joto lisitoroke, na kupuliza punje za povu ndani ya kuta. Ni madirisha tu yaliyobaki ya kale. Mkaguzi akipanda darini na kuona sufi ile atasema hawa ni matajiri, wanataka nini tena.

Shule niliiacha mapema, lakini hesabu hii haihitaji shule.

Jumanne, 3 Novemba

Nimemdanganya nyapara kwamba jino linaniuma. Bi Nuala akaenda misa ya marehemu kumwombea Malachy. Nikapanda darini kuitoa sufi ya Malachy. Niliomba msamaha kwanza.

Kazi mbaya. Sufi ile inawasha kama upupu. Nimejikuna mpaka sehemu ambazo sikuzipeleka darini.

Nikiwa uani na mzigo, kichwa cha Fintan Duignan kikachomoza juu ya ukuta. Huyu ndiye jirani. Anafuga mbwa wa mbio ambao hawajawahi kushinda, na ananidharau mimi kwa kukosa hata mbwa. Naye ameomba ruzuku ya madirisha. Mkaguzi atatoka kwetu aende kwake. Akauliza nahamisha nini. Nikasema panya wameiharibu. Akaipapasa, akasema panya wa Bi Nuala ni wastaarabu, hawaachi hata shimo. Akasema ataichukua awatandikie mbwa wake. Nikamwonya inawasha. Akasema mbwa wake wamezoea shida, wanaishi naye.

Akaichukua yote. Nikamshukuru, mjinga huyo.

Jumatano, 4 Novemba

Kabla ya kazi nimelegeza skrubu za madirisha, nikabandua lami iliyokauka inayoshika vioo, nikatoboa vitundu nyuma ya fremu mahali ambapo Bi Nuala haangalii. Mlango wa mbele niliulegeza bawaba kidogo. Jioni nyumba ilikuwa ikipiga mluzi. Mshumaa ulio mbele ya picha ya Moyo Mtakatifu ukazimika wenyewe.

Niliogopa Bi Nuala atashtuka. Wapi. Alivuta pumzi ndefu, akasema leo nyumba inapumua. Hawa watu wanahofia hewa iliyofungiwa kuliko homa ya mapafu. Kila asubuhi hufungua dirisha hata kukiwa na barafu. Tumekula tukiwa na makoti, yeye mashavu mekundu, mwenye furaha kabisa.

Nikajisifu. Nilijisifu mpaka simu ilipolia.

Aglaia. Mama amebadilisha tiketi. Kuna mwanamke wa kijijini anasafiri mapema, na Mama hataki kubadilisha ndege peke yake. Anatua kesho.

Nikasema kesho ya wiki ijayo? Akasema Serafim, kesho ni kesho, una nini wewe? Nikasema sina kitu, ni furaha.

Sikulala. Nyumba inapiga mluzi.

Alhamisi, 5 Novemba

Mama Paraschiva amefika na kitambaa kichwani, mtungi wa matango ya siki na mfuko wa jozi. Akanibusu, akaniambia nimekonda na nimezeeka, yote mawili kwa wakati mmoja. Akavuka kizingiti. Akasimama. Akainua kidole kama mwindaji.

Akasema, "Mkondo."

Nikasema ni mlango tu, Mama, tumeufungua. Akasema mlango umefungwa, mwanangu, nimeufunga mwenyewe.

Bi Nuala akampokea kwa mikono miwili, mwenye ukarimu, na kwa heshima ya mgeni akafungua dirisha la sebuleni ili apate hewa safi baada ya safari. Mama Paraschiva akatabasamu, akalifunga. Bi Nuala akatabasamu, akalifungua. Hawana hata neno moja la pamoja. Wamecheza mchezo huo mpaka chai ikapoa.

Nikaingilia kati kama mkalimani. Mama nilimwambia mwenye nyumba ameunguza viazi, anatoa moshi. Bi Nuala nilimwambia kwamba kwetu mtu akiwa na msiba hufunga madirisha.

Bi Nuala akashika kifua. Akasema kwao ni kinyume, mtu akifa hufungua dirisha ili roho ipate njia. Kwenu mnafunga kwa nini? Nikasema ili isiondoke kwa haraka. Akalifikiria, akasema hilo nalo ni jambo zuri. Kisha akauliza nani amefariki. Nikasema mjomba. Nikaona halitoshi, nikasema wajomba wawili.

Akaenda akamshika Mama mkono kwa muda mrefu na kumpa pole. Mama akaniuliza huyu mama analia nini. Nikasema viazi.

Mama ameniambia hukumu atampa Aglaia Jumamosi, akishaichunguza nyumba. Amelala na koti lake, koti langu na soksi zangu.

Mpango: kesho mkaguzi aje, aone ubaya wote, aondoke. Mchana nikaze skrubu na kuziba. Jumamosi Mama akute nyumba nyingine. Mpango unawezekana, mradi Mama asiguse kitu.

Ijumaa, 6 Novemba

Mama amegusa kila kitu.

Nimeshuka asubuhi nikakuta jikoni kunanuka sabuni ya kufulia iliyochemshwa. Amechana magazeti yote ya Bi Nuala vipande vyembamba, amevipaka ule uji wa sabuni, amevibandika kwenye kingo za madirisha yote kama tufanyavyo kwetu kila vuli. Nyufa kubwa amezishindilia matambara. Vitundu vyangu vyote vimezibwa. Nyumba kimya kama kanisa Jumatatu. Na Bi Nuala amekaa katikati ya yote haya anamchania karatasi, akiamini ni ibada ya wajomba.

Nikakimbilia juu kubandua. Ninabandua dirisha hili, Mama anabandika lile. Akauliza, "Wewe baba Ilie, umerogwa?" Nikasema karatasi imekaa upande. Akasema kilichokaa upande ni kichwa chako.

Kengele ikalia.

Mkaguzi ni binti aitwaye Dervla, mpole, buti za matope. Akafunga turubai mlangoni na katikati yake feni kubwa. Akaeleza kwamba feni inavuta hewa ya ndani ili ajue nyumba inavujia wapi. Akaiwasha.

Mama Paraschiva akatoka jikoni akaona mwanamke mzima ameweka mashine mlangoni, inaleta mkondo kwa makusudi ndani ya nyumba atakamolala mjukuu wake. Akajifunika kifua, akanyoosha kidole, akapiga kelele neno lake lile lile. Dervla akaniuliza anasema nini. Nami kwa wasiwasi nikashika maana ya kwanza iliyonijia. Nikasema anasema umeme.

Dervla aliruka kama paka. Akazima, akachomoa waya, akaupapasa wote, akamwuliza Mama kama amepigwa shoti. Mama akamkumbatia kwa kuizima. Tukaanza upya baada ya nusu saa, Mama akiwa amefungiwa jikoni na Bi Nuala na chupa ya sheri, mvinyo wa msibani.

Dervla alipita madirisha yote. Akapapasa karatasi za sabuni, akacheka kidogo, akasema ameona mafundi wa silikoni wanaoshindwa na hii. Nilijisikia vibaya.

Kisha akapanda darini. Alikaa huko. Aliposhuka akauliza sufi iko wapi, maana vumbi linaonyesha mahali ilipokuwa imelala. Bi Nuala akasema ipo, Malachy aliitandaza mwenyewe, akitambaa kwa magoti, kiangazi chake cha mwisho.

Hapo Dervla akaeleza, polepole, kama anayemwambia mtu habari za mgonjwa. Ruzuku hii ya madirisha hawaipi nyumba mbovu. Wanaipa nyumba ambayo dari na kuta zake tayari zinashika joto, kwa sababu hakuna faida kuziba dirisha huku paa liko wazi. Kwa kuta alizoziona, na kama sufi ingekuwepo, angeipitisha leo hii.

Sikuwa na pa kutazama. Nikatazama feni.

Bi Nuala akanigeukia. Nikasema panya. Akasema panya wanaokunja sufi na kushuka nayo ngazi, nao wanajikuna shingo tangu Jumanne.

Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha.

Jumamosi, 7 Novemba

Fintan amepitishwa. Mkaguzi alipanda dari lake akakuta sufi safi imetandazwa vizuri. Ameniita ukutani kunishukuru na kuuliza kama nitapata nafasi ya kumsaidia kubeba madirisha yake mapya yakija. Nikamwambia arudishe sufi. Akasema haiwezekani, imeshakaguliwa, sasa ni kama mali ya serikali. Nikauliza, na mbwa? Akasema mbwa iliwawasha.

Bi Nuala ameshusha masanduku mawili kutoka juu ya kabati. Chai ananiwekea, lakini anaiweka mbali.

Jioni Mama Paraschiva amempigia Aglaia simu. Nilisimama nyuma ya mlango, na kwa kweli pale pote sikuhisi mkondo hata chembe. Akasema nyumba ni nzuri, ameiziba mwenyewe. Mwenye nyumba ni mcha Mungu, amewaombea marehemu wetu ingawa hajui ni nani. Tatizo la nyumba hii ni moja tu. Mkondo uko kichwani mwa mumeo, unaingilia sikio hili, unatokea lile, na njiani haukuti kitu.

Nikangoja neno Padova. Halikutajwa. Lakini akasema dari ni baridi, na mtoto halali chini ya dari baridi. Dari lisipopata sufi kabla ya Krismasi, Aglaia asikate tiketi.

Aglaia hakuomba kuongea nami.

Jumapili, 8 Novemba

Sijui wamezungumza kwa lugha gani. Nimerudi kutoka kutembea nikakuta masanduku yamerudi juu ya kabati, na wanawake wawili wanakula matango ya siki kwa uma mmoja mmoja, wakichora vitu hewani.

Bi Nuala akanitangazia. Haendi Sligo. Hajapata mwenzi kama huyu tangu Malachy. Mama atakaa hadi majira ya kuchipua, chumba cha kwanza cha juu ni chake, cha pili kinangoja Aglaia na Ilie. Asubuhi dirisha litafunguliwa kwa muda wa kusali kumi la kwanza la rozari, kisha litafungwa. Wamekubaliana hivyo kwa vidole.

Nikauliza nami nilale wapi. Akasema darini. Akasema angalau hapo patakuwa na kitu cha kuzuia joto lisitoroke.

Mama alipotafsiriwa hili alicheka hadi akashika meza. Ilibidi nilitafsiri mimi mwenyewe.

Jumatatu, 9 Novemba

Nimelala darini. Baridi, lakini namsikia Mama akikoroma chini, ishara njema.

Habari kubwa. Bi Nuala amepiga simu tena. Kumbe serikali husaidia na sufi ya darini pia, kwa asiyekuwa nayo. Dervla anarudi Alhamisi. Sufi ikiwekwa, Mama anampa Aglaia ruhusa, nao wako hapa kabla ya Krismasi. Bi Nuala ameniapisha mbele ya Moyo Mtakatifu kwamba hadi Alhamisi mikono yangu itakaa mfukoni. Nimeapa. Nilimaanisha.

Jumanne, 10 Novemba

Sikulala kwa wasiwasi. Ilie wangu na kifua chake. Itakuwaje Dervla akisema dari tu halitoshi kuhesabiwa shida?

Nimeliwaza kwa utulivu, bila pupa, na nimeona kosa langu lilikuwa nini. Nilitoa cha juu nikaacha cha pembeni. Nusu kazi. Mtu asiye na dari wanampa sufi. Asiye na dari wala kuta je? Huyo lazima wampe vyote, na mtu aliyepewa dari na kuta mpya watamnyimaje madirisha?

Zile punje za povu ukutani ni nyepesi kama makapi ya mchele. Tundu moja chini, upande wa bustani, na zitamwagika zenyewe. Sitazigusa. Kiapo kilikuwa cha mikono.

Bi Nuala anampeleka Mama mjini kesho asubuhi kununua sabuni. Nimemwuliza Fintan kama ana drili. Akauliza ya nini, nikamweleza, naye, mtu mwema siku hizi, akaniletea pamoja na magunia matupu ya kukingia punje.