Toleo Maalumu la Kapteni Thessa

Terence Gosling alikuwa kwenye foleni ya posta mjini Leicester, hana hata haja ya stempu, alipomwona Bi Maureen Tattersall akimwaga bahasha mia mbili juu ya kaunta. Kila bahasha ilikuwa na kijarida kilichochapwa nyumbani, na kwenye jalada picha ya Verity Lascombe, yule wa televisheni anayeigiza Kapteni Thessa na kuokoa sayari kila Jumanne bila nywele kuvurugika.

"Watu wanalipia hivi?" Terence akauliza.

"Wanalipia, na vikichelewa wanalia."

Roho ya Terence ikaruka kwa furaha. Huyu ndiye aliyewauzia wajane ensaiklopidia zilizoishia herufi K. Mungu amsamehe, maana wajane bado hawajamsamehe.

"Verity? Aa, yule ni kama dada yangu," akasema. "Juzi tu tulikuwa tunakunywa chai. Kaniambia mambo ambayo hata mumewe hayajui. Nipe nafasi nitangaze toleo maalumu, Bi Maureen: kurasa mia, mahojiano matupu. Walipe mapema tu, karatasi zimepanda bei."

Bi Maureen alimtazama kwa upole mwingi mno. Tangazo likatoka, na chini yake, kama ilivyo desturi ya vijarida hivi vyote, anwani ya nyumbani kwa mhariri, yaani Terence mwenyewe. Terence alifurahi, kwa kuwa pesa zingemfuata hadi mlangoni. Hakufikiri kwamba wenye pesa nao wana miguu.

Wiki tatu baadaye, Jumamosi asubuhi, sanduku lake la safari lilikuwa limeshiba noti na tiketi ya Uhispania imo mfukoni. Kengele ikalia. Nje walisimama wanawake kumi na mmoja na mabirika na biskuti, na nyuma yao mzee mmoja kimya, amekumbatia mashine ya kurudufu.

"Siku ya kupanga kurasa!" Bi Maureen akasema, keshaingia. "Kwetu mhariri haachwi peke yake. Huyu ni Beryl, mumewe sajini wa polisi. Keti popote, Beryl."

Beryl, mwanamke aliyejaliwa mwili, akaketi juu ya sanduku.

"Haya, mahojiano yako wapi?"

"Yamo... kichwani."

"Basi yateremshe, baba. Taipureta hii hapa."

Terence akatunga uongo mpaka mchana, ukurasa kwa ukurasa, na wale wanawake wakimsahihisha: Kapteni Thessa hapendi samaki, alishasema katika toleo la tisa. Kisha Beryl akainuka, akafungua sanduku bila kuomba ruhusa, akatoa hela za karatasi, za wino na za stempu. Lilipofungwa tena lilikuwa na soksi tu. Terence nusura alie.

Halafu wakamtia kwenye mzunguko wa meza kuokota ukurasa mmoja mmoja na kupanga kijarida baada ya kijarida, hadi magoti yakagoma. Hajawahi kufanya kazi namna hiyo tangu azaliwe.

Saa kumi na mbili jioni alimsogelea yule mzee wa mashine, akamnong'oneza: "Mzee wangu, niokoe. Wazuge kidogo nipite mlango wa nyuma. Nina safari."

Mzee hakuinua kichwa. "Ya wapi?"

"Uhispania."

"Yangu mimi ilikuwa ya Ureno," mzee akasema, akiendelea kuzungusha mpini. "Wakati wa toleo la nne. Hili ni la thelathini na moja."