Vita vya Kiti cha Getruda

Enyi watu wa Guta, tueni majembe! Nanyi wa Murangi, acheni nyavu zikauke, mje msikie vita vikuu vilivyopiganwa Bunda mwaka ule viwanda vya umma vilipogawiwa wenye nguvu, vita ambavyo shujaa wake hakurusha hata kokoto. Alikaa tu.

Ndiye Getruda binti Wambura, mpiga chapa wa jineri ya pamba, mama wa wanne waliokula kwa vidole vyake, malkia wa taipureta aliyezeesha mameneja watano. Wa sita, Leodgar Mwenye Suti, alitaka kupunguza watu bila kufukuza mtu, maana anayefukuzwa ana haki zake, na anayeacha mwenyewe huondoka na kanga yake tu. Akabandika tangazo: inapendekezwa kuanzia Julai wafanyakazi wote wafanye kazi wamesimama.

Loo! Masatu, karani wa mizani, simba wa maneno, alilisoma akanguruma: "Mimi, mwana wa wafuga ng'ombe, nisimamishwe kama nguzo ya zizi? Naacha kazi leo hii, na serikali itanisikia!" Akaandika barua papo hapo. Meneja akaipokea kwa mikono miwili.

Julai ikaingia, viti vikatolewa. Getruda akaja na debe kutoka nyumbani, akaligeuza, akaketi, mashine ikimfika kidevuni.

"Mama, si uache tu kazi upumzike?" meneja akambembeleza.

"Nikichoka nitakuambia, baba," akajibu, akaendelea kugonga. Mgongo ulimuuma hadi machozi, lakini hakuandika barua ya kuacha kazi; malalamiko yake aliyapeleka kwa afisa kazi.

Ndipo afisa huyo akaja kutoka Musoma kusikiliza madai ya wote wawili, Getruda na Masatu, kwamba walisukumwa watoke. Getruda hakulelewa kuacha mgeni asimame. Akamsogezea debe. Afisa akaketi, magoti yakapanda kifuani.

"Mama, unakaaga hapa?"

"Tangu Julai, mheshimiwa."

Afisa akamgeukia Masatu. "Nawe, ulipoacha kazi, kiti kilikuwa kimeshaondolewa?"

"Bado. Ilikuwa inapendekezwa tu."

"Basi ulijifukuza mwenyewe, ndugu yangu." Akainuka akishika kiuno. "Meneja, huyu mama mnamfukuza kwa mlango wa nyuma. Lete kiti chake, sasa hivi!"

Kikaletwa, mguu mmoja mfupi. Getruda akakipangusa, akaketi. Na barua ya kwanza aliyopewa kuipiga chapa ilikuwa ya kumjulisha Masatu kwamba madai yake yamekataliwa. Aliipiga polepole, bila kosa hata moja, huku akilia.

Na iandikwe katika kumbukumbu za Mara, wajukuu wasome: siku ile, saa nne asubuhi, mfanyakazi mmoja alikaa.