Kilo Tano za Winga wa Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Kocha Prewitt amebandika karatasi kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Majina yetu yote, urefu na uzito, kuanzia mkubwa hadi mdogo. Mimi wa mwisho. Garth Ollerenshaw, mita moja na sentimita sabini na moja, kilo sabini na saba. Miaka kumi na mmoja nimelinda upande wa kulia wa timu ya raga ya Ravensclough, leo nimekuwa mkia wa karatasi.

Jumapili tunacheza na wale wa ng'ambo ya vilima. Winga wao wa kushoto ni Mfiji, Bolatagane, kilo mia na kumi na mbili. Wanampigia mpira wa juu kwenye kona, anaruka, anaudaka juu ya kichwa cha anayemkaba, anaugusisha ardhini, trai, pointi nne. Kocha anasema zama za mawinga wafupi zimekwisha. Jezi yangu huenda akapewa Jonty Entwistle, mtoto wa muuza nyama, miaka ishirini, kilo mia na sita. Nikauliza nifanye nini nibaki. Akacheka, akasema labda nifike kilo themanini na mbili ifikapo Alhamisi.

Alicheka, ndiyo. Lakini alitaja siku. Mtu akitaja siku, hiyo ni ahadi.

Jumanne, 4 Machi

Leo ni siku ya chapati za maji, kesho Kwaresima. Kalenda iko upande wangu.

Nimekula kumi na sita, kwa sukari na limau. Hazel, mke wangu, anafundisha watu udereva na hashtuki upesi. Kwenye ya kumi na mbili aliweka mwiko chini. Akaniuliza, "Garth, mpenzi, unakula au unalipiza kisasi?" Nikamweleza. Akasema kocha alikuwa anatania. Nikamwambia lugha ya makocha haielewi. Akasema basi zilizobaki nijipikie.

Mizani ya bafuni: sabini na nane na nusu. Nikakaa kwenye ukingo wa bafu, nikawaza. Nilipoanza, mawinga wote tulikuwa hivi hivi. Wepesi, tunateleza kwenye mstari wa pembeni kama sabuni. Halafu mtu mmoja akagundua kwamba kona ni suala la mikono mirefu, basi, wote wakafuata. Hakuna aliyetukosea. Hilo ndilo linaloniuma. Ningepata wa kumlaumu, ningelala vizuri.

Jumatano, 5 Machi

Nimefungua kisanduku cha marehemu baba cha kuvulia samaki kwenye mfereji. Vyubwi vya risasi, vile vizito vya kuzamishia ndoana, vidogo vidogo, kilo tatu na ushei. Nimevishona vyote ndani ya kaptura ya kubana, ile ya kuvaa chini. Mshono mzuri. Nikitembea nasikika kama droo ya vijiko, lakini nikipiga mluzi sauti hiyo haisikiki.

Hazel aliniona uani nikipiga mluzi. Hakuuliza. Mwanamke mwenye busara.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi nimekunywa lita mbili za maji. Nikapanda kwenye mizani ya klabu taratibu, kama bibi harusi. Themanini na tatu nukta moja. Kocha akainama kuangalia tena. Akanipigia makofi, na wenzangu wakapiga. Jonty akanipa mkono, akasema, "Mzee, umefanyaje? Mimi nikiongeza kilo moja inachukua mwezi." Nikamwambia ni nidhamu.

Ndipo kocha akasema vizuri, sasa moja kwa moja uwanjani, mbio za mita arobaini, aone uzito mpya unafanyaje kazi.

Sikuwa nimefika huko kwenye mpango wangu.

Nimekimbia. Maji yanakwenda huku, vyubwi vinakwenda kule, mimi katikati. Muda wangu mbaya kuliko wote katika miaka kumi na mmoja. Hata wale wazito wa katikati ya uwanja, wanaokimbia kama kabati linahamishwa, wamenishinda. Kocha akaandika kwenye daftari, nikayasoma maandishi juu chini: Ollerenshaw, ameongeza uzito, amepoteza mbio.

Ningeweza kusema ukweli. Ningevua kaptura mbele ya wote, nirudie mbio, nibaki mfupi mwenye kasi. Jonty ataanza Jumapili. Mimi nimepewa kubeba chupa za maji.

Ijumaa, 7 Machi

Jonty amenifuata kantini, nikiwa na pai na njegere za kuponda. Amekaa kwa adabu, magoti yakagonga meza. Akasema hajalala tangu jana. Akasema, "Mzee, nina swali moja tu. Senta wao anakuja na mpira, Bolatagane yuko nje yake. Mimi niko peke yangu. Niingie ndani nimwangushe senta, au nibaki nje na winga?"

Hilo ndilo swali lenyewe. Nimelijibu maisha yangu yote na bado linanifuata hadi jikoni. Ukiingia, winga yuko huru. Ukibaki, senta, jirani yake wa ndani, anapita kando yako kama anayeingia mlango wa duka. Na lazima uamue kabla hujajua.

Nikamjibu, "Ingia. Mapema. Kila mara. Usifikiri."

Akaliandika kwenye mkono kwa kalamu. Akanishukuru.

Naandika hapa ili iwepo: sikumdanganya. Mimi mwenyewe huingia mapema kila mara. Huingia kwa sababu nikisubiri, mtu wa kilo mia huwa amekwisha kupata kasi na mimi sina cha kumzuilia. Nikimwahi kabla mpira haujatulia mikononi, nampata miguuni. Kwa hiyo nilimwambia ninachofanya.

Jonty ana mikono kama makasia. Hana haja ya kuwahi. Nilijua hilo nikiwa bado natafuna.

Jumapili, 9 Machi

Mvua tangu asubuhi. Watu elfu sita, wote wana maoni.

Dakika ya tisa, senta wao akaja. Jonty akaingia, mapema, bila kufikiri. Pasi ikapita juu ya bega lake. Bolatagane akatembea hadi kona, trai. Dakika ya ishirini na sita, vilevile. Mzee mmoja nyuma yangu akapaza sauti kwamba kijana arudishwe buchani. Watu wakacheka. Muuza nyama, baba yake, alikuwa safu ya tatu, kofia mkononi kwenye mvua hiyo. Sikumtazama tena.

Mapumziko tuko nyuma, kumi na nne kwa sita. Kocha akasimama mbele ya Jonty. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Akauliza, "Nani alikwambia uingie?"

Nikashika chupa zangu sita. Jonty alikuwa na kichwa katikati ya magoti. Kwenye mkono maandishi yalikuwa yamefutika nusu. Akasema, "Hakuna, kocha. Nimeona vibaya mwenyewe."

Nimeangushwa na watu wakubwa sana katika kazi hii. Hakuna aliyeniangusha hivyo.

Alikwenda kunawa uso. Nikamfuata. Nikamwambia pale kwenye sinki kwamba nilimpa ushauri wa mtu mfupi, na nilijua, na niliutoa makusudi. Akanitazama kwenye kioo. Kisha akasema, "Basi nipe wa mtu mrefu. Tuna dakika tatu."

Nikampa kila kitu. Nikamwambia, "Baki nje. Mwache senta wao asumbuke, ndani una mwenzako. Tazama nyonga za mwenye mpira, mpira unadanganya. Na wakipiga juu, usimtazame Mfiji kabisa. Ruka kama yeye hayupo."

"Na nikikosea?"

"Utakosea. Sisi wa pembeni tukikosea kila mtu anaona. Ndiyo kazi."

Kipindi cha pili alisubiri. Mara ya kwanza alisubiri mno, senta akapita, lakini mlinzi wa nyuma akamdaka. Mara ya pili senta akaduwaa, hakujua ampe nani, akaangushwa mpira ukiwa bado mikononi mwake. Sisi tukapata trai mbili, tukaongoza kumi na nane kwa kumi na nne. Dakika ya mwisho mpira ukapigwa juu kwenye kona yetu. Wakapanda wote wawili, Jonty na Bolatagane, kilo mia mbili na kumi na nane hewani, na kelele zikakatika. Jonty akashuka nao kifuani.

Nilikuwa mita tano tu. Nimemwaga maji yote miguuni mwangu bila kujua.

Sijui ningefanya nini mahali pake. Ninajua. Nisingeufikia mpira.

Jumatatu, 10 Machi

Kocha ameniita ofisini. Jonty amemwambia nani alimfundisha kipindi cha pili. Cha kwanza hakukitaja. Kocha anataka niwafundishe mawinga ulinzi, Jumanne na Alhamisi mchana, na niendelee kucheza timu ya akiba. Akasema nina kitu kichwani ambacho hakipimwi kwa mizani. Nikasema nitafikiria, nikakubali kabla sijafika mlangoni.

Nilipomwaga yote kwa Hazel, pamoja na ya Ijumaa, alinimiminia chai. Akasema kijana yule amekufundisha kitu. Nikasema kabisa.

Na nimekaa nikafikiri kwa makini. Jonty akijua ninachokijua mimi, kwa mwili ule, hakuna klabu kubwa itakayomwacha hapa. Nikimfundisha vizuri mno, kila siku, bila kuficha hata kimoja, ifikapo Juni watakuwa wamemchukua. Jezi itabaki wazi. Nimeshaandika ratiba ya wiki kumi na mbili.

Nimemwonyesha Hazel mpango. Ameusoma mara mbili, akasema huo hauitwi ujanja, unaitwa kufundisha.

Masikini. Hajaona nia yangu.