Binti Yangu Kufurahishwa Siku Tatu Bila Taarifa

Micah Sitati,
Kaptembwo, Nakuru.

Kwa Meneja,
Nyumba ya Kutunzia Wazee,
Sligo, Ayalandi.

Mheshimiwa Meneja,

MINTARAFU: KUMFURAHISHA TRIZAH SITATI

Natumaini u mzima. Mimi ni mzima pia, isipokuwa goti. Mimi ni baba yake Trizah, muuguzi aliyekuja kwenu Januari. Kwa kuwa hukijui Kiswahili, nimemwagiza yeye mwenyewe akusomee barua hii kwa Kiingereza, neno kwa neno, bila kupunguza ukali. Malalamiko yangu yanahusu wikendi ile ndefu ya mwanzo wa Juni.

1. Ulimpa siku tatu za mapumziko bila sababu. Siku zizo hizo, kwa kuwa Sikukuu ya Madaraka iliangukia Jumatatu, sisi pia tulikuwa na wikendi ndefu, na tuliitumia inavyopasa. Jumamosi tulimzika shemeji yangu Kitale. Jumapili kulikuwa na harambee ya paa la kanisa. Jumatatu tulipalilia mahindi. Jumanne kila mtu alirudi kazini akiwa amechoka, kama ilivyo desturi. Nilikuwa karani wa stesheni ya reli miaka mingi, na sijaona sikukuu iliyompumzisha mtu. Binti yangu hakupewa maiti, mchango wala jembe. Alipelekwa ufuoni.

2. Ushahidi ninao, kwa maana aliuweka kwenye simu ambako kila mtu anauona. Katika picha amekaa chini kwenye nyasi za ufuoni, na chakula kimetandazwa juu ya shuka, katika nchi ambayo najua ina meza. Mkononi ameshika aiskrimu. Hana viatu. Anacheka mpaka magego yanaonekana. Kando yake wapo watu watatu nisiowajua, nao pia wanacheka, na hakuna hata mmoja aliyeniandikia kunieleza kinachochekesha.

3. Hili ndilo zito. Tangu afike huko, Trizah alikuwa akinipigia simu kila Jumapili baada ya ibada, akilia. Alikuwa akila peke yake. Siku zisizo na zamu alijifungia chumbani akingojea zamu irudi. Nilimtuliza, kisha nikalipeleka jambo hilo kwa akina mama wa maombi. Wakalibeba. Kila Jumatano walifunga, hata Mama Joan mwenye vidonda vya tumbo, ambaye alikataa chai na kuomba kwa sauti, "Bwana, mtoto wetu mpe watu!" Mtu aliye ughaibuni ana wajibu wake, nao ni kupata taabu, ili sisi tuliobaki tuwe na la kuombea. Sasa picha imezungushwa kanisani, na Mama Joan ameniuliza mbele ya watu, "Mzee Sitati, huyu ndiye niliyemfungia chai yote ile? Mbona amenona?"

4. Akina mama walipobaki bila la kuombea, walinigeukia. Sasa wananiombea mimi, eti nina upweke tangu mama yake Trizah atutoke na mtoto aondoke. Tafadhali fahamu kwamba sina upweke. Nina redio, kuku, na jirani aitwaye Khisa.

5. Jumapili hiyo simu haikulia. Niliitia chaji. Nilitoka nayo uani, mahali panaposhika mtandao. Nilimwomba Khisa anipigie ili nijue kama ni nzima, nayo ikalia. Trizah alipiga Jumatatu jioni, na kabla sijamuuliza amekula nini, akasema, "Baba, nitakupigia baadaye, wananiita." Nani hao? Wanamwitia nini? Mtoto huyu nimemwita mimi tangu alipozaliwa, wala hakuwahi kuitika kwa haraka namna hiyo.

Kwa hiyo naomba wikendi ndefu ijayo umpangie zamu zote. Ikishindikana, mtafutieni mazishi, hata ya mtu asiyemjua. Kwetu hilo si kizuizi. Hilo nalo likishindikana, apigwe picha akiwa amevaa sare na amechoka, tuitumie katika maombi. Na wale watatu waniandikie, kila mmoja kwa jina lake, wakieleza nia yao.

Wasalimie wazee wote unaowatunza, wapishi, na walinzi wa lango. Wale watatu uwasalimie wakishaandika. Mama Joan anakusalimu, ingawa hajui kwamba nakuandikia.

Mimi niliyekosewa,
Micah Sitati,
Karani Mstaafu.

Tanbihi: Trizah, hapa usitafsiri. Hata kule juu usitafsiri. Mwambie Meneja kwamba baba anasema asante. Mama Joan hakuniuliza neno lolote. Alipoiona picha alipiga vigelegele mpaka muuza mitumba wa nje akaingia kuuliza kuna arusi ya nani, kisha akanywa chai vikombe viwili mfululizo. Vaa soksi, ufuo huo una baridi hata kwenye picha. Na wakikuita tena, nenda. Utanipigia ukirudi. Simu yangu inalia, Khisa ameijaribu.